Visiki Vinavyotunza Kumbukumbu ya Moto

Hotuba hii tuliitoa siku ya pili ya semina ya kamati za mazingira za vijiji. Tunaichapisha kwa sababu washiriki wengi waliomba nakala.



Tunakumbuka kwamba jana jioni tuliachana bila kukubaliana. Swali lilikuwa moja tu: ni nani anayeunguza misitu? Kamati moja ilisema ni wafugaji. Nyingine ikasema ni warina asali. Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Na kabla sisi hatujazaliwa, nani alikuwa anachoma?" Watu wakacheka, na kikao kikafungwa.

Sisi tuliondoka na swali hilo. Wako watu waliolifanyia kazi kwa miaka mingi, ingawa si hapa kwetu. Wamelifanyia kazi katika nchi za baridi kali: Uswidi, Ufini, Norwe, Kanada na kaskazini ya Marekani. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya mwenyekiti, tumeiweka kando mada iliyo kwenye ratiba. Tutazungumza juu ya misitu ya huko, na jinsi watu walivyoweza kujua moto uliwaka mwaka gani, ulienea kiasi gani, na mara nyingine hata kukisia vizuri nani aliuwasha.

Tazameni kipande hiki cha mti kilicho mezani. Tulikipata kwa marafiki zetu wa Uswidi. Ni msonobari. Kimekatwa kwenye kisiki kilichokufa zamani, kikapigwa msasa mpaka kikang'aa. Mkikitazama kwa karibu mtaona mistari ya duara, mmoja ndani ya mwingine. Hizo ndizo pete za mti. Upande huu duara halikukamilika. Mistari imekunjwa kuelekea ndani kama midomo iliyofumbwa. Hayo ni makovu ya moto, na kwenye kipande hiki yapo 4.

Mti unavyoandika

Misitu tunayoizungumzia huitwa misitu ya boreali. Inaizunguka dunia upande wa kaskazini kama mkanda, kuanzia Norwe kupitia Urusi na Siberia, hadi Alaska na Kanada. Huko majira ya baridi ni marefu na mti haukui kabisa. Theluji ikiyeyuka, mti huanza kukua kwa haraka na kutengeneza mbao nyepesi yenye rangi ya kung'aa. Kuelekea mwisho wa majira ya joto ukuaji hupungua, na mbao huwa nzito na nyeusi. Halafu mti husimama mpaka mwaka ujao. Mstari mweupe pamoja na mweusi wake ni mwaka mmoja. Mwaka mzuri hutoa pete pana, mwaka mbaya hutoa pete nyembamba kama uzi.

Sasa moto ukipita chini ya misonobari, mara nyingi hauwaki mpaka kileleni. Unakula majani makavu, kuvumwani na vichaka. Msonobari mkubwa una gome nene, kwa hiyo hauungui wote. Lakini upande mmoja wa shina, karibu na ardhi, joto hukaa zaidi. Hapo ile ngozi hai iliyo chini ya gome hufa. Mti wenyewe unaendelea kuishi. Kila mwaka hujaribu kufunika kidonda kutoka pande zote mbili, kama ngozi ya binadamu inavyofunika jeraha, na kidonda hujaa utomvu. Moto mwingine ukija baada ya miaka 40 au 60, huingia pale pale kwenye kidonda, kwa sababu utomvu unawaka vizuri na gome halipo. Kovu la pili huandikwa juu ya la kwanza. Ndiyo maana msonobari mmoja unaweza kubeba historia ya mioto mingi.

Utomvu huo una faida nyingine. Unazuia mbao isioze. Msonobari uliokufa kwa moto, au kisiki kilichokatwa na babu wa mtu, unaweza kubaki porini kwa mamia ya miaka katika baridi ile. Wafini wana jina maalum la msonobari uliokufa ukabaki umesimama, mkavu na wa rangi ya fedha: wanauita kelo. Mti kama huo unaweza kuwa umeishi miaka 300, ukafa, na ukasimama mkavu kwa karne nyingine. Mpita njia anaona kuni. Mtafiti anaona daftari.

Kwa nini kuhesabu peke yake hakutoshi

Tunapaswa kukiri jambo moja. Kipande hiki kilipofika ofisini tulikihesabu wenyewe. Tulikuwa watu 3, na tulipata majibu 3. Mmoja wetu alidhani macho yake yameharibika. Baadaye tulielezwa kwamba ni kawaida. Mwaka mgumu sana mti unaweza usitengeneze pete upande mmoja, au pete ikawa nyembamba mno isionekane bila lenzi. Mwaka mwingine baridi ya ghafla katikati ya majira huacha mstari wa uongo unaofanana na pete. Tena kisiki kilikufa lini? Kama hujui mwaka wa pete ya nje, hata ukihesabu bila kosa, huna pa kuanzia.

Aliyetatua jambo hili alikuwa mtaalamu wa nyota, si wa misitu. Jina lake A. E. Douglass, Mmarekani aliyefanya kazi katika jimbo la Arizona mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa akitafuta dalili za mabadiliko ya jua ndani ya miti. Aligundua kwamba miti ya eneo moja hufuata mpangilio mmoja wa pete pana na nyembamba, kwa sababu yote imepata mvua ile ile na ukame ule ule. Basi ukichukua mti ulio hai ambao pete yake ya mwisho unaijua, unaweza kulinganisha mpangilio wake na wa kisiki kilichokufa. Pale inapoingiliana, umepata mwaka. Kutoka kisiki hicho unakwenda kwa kingine cha zamani zaidi, na kingine. Ni kama kuunga kamba fupi fupi mpaka upate kamba ndefu. Mwaka 1937 kilianzishwa huko Tucson kituo cha chuo kikuu kwa ajili ya kazi hii, na bado kipo.

Kaskazini mwa Ufini na Uswidi, kwa kutumia pia magogo yaliyozama kwenye matope ya maziwa, wameunga kamba hiyo kurudi nyuma zaidi ya miaka 7,000, bila kukosa hata mwaka mmoja.

Ipo miaka ambayo wataalamu wanaitambua kama mtu anavyotambua sura ya jirani. Mfano ni 1601. Mwezi Februari 1600 volkano iitwayo Huaynaputina ililipuka huko Peru, Amerika ya Kusini. Vumbi na gesi zake zilipanda juu zikafunika jua kama pazia jembamba. Mwaka uliofuata majira ya joto hayakuwa na joto Ulaya ya kaskazini, na misonobari ya huko, iliyo mbali kabisa na Peru, ikaandika pete dhaifu sana. Mtafiti akiikuta pete hiyo na majirani zake wakiwa katika mpangilio unaotakiwa, anajua yuko wapi.

Kwa makovu ya moto usahihi huu ndio kila kitu. Mkikosea mwaka mmoja tu, moto mmoja mkubwa unageuka kuwa mioto 2 midogo. Au mioto 2 midogo iliyowashwa na watu tofauti inageuka kuwa janga moja kubwa. Mtu anaweza kulaumiwa kwa kosa la hesabu.

Kazi yenyewe ni ya kutoa jasho. Watafiti hutembea porini na msumeno wa mashine, wanatafuta visiki na miti yenye vidonda. Kwenye mti ulio hai hukata kipande kidogo upande wa kovu, bila kuuangusha. Kwa kuhesabu umri tu hutumia keekee yenye tundu katikati, inayotoa kijiti chembamba kama penseli. Halafu ni msasa, wembe, na hadubini kwa wiki nyingi. Hutazama pia kovu liko sehemu gani ya pete. Likiwa katikati, moto uliwaka katikati ya majira ya joto, wakati radi ni nyingi. Likiwa kwenye mpaka wa pete 2, moto uliwaka wakati mti umelala, ambapo radi ni chache. Hapo mkono wa binadamu unaanza kushukiwa.

Walichokikuta Uswidi

Mwaka 1977 Olle Zackrisson alichapisha matokeo ya kazi yake katika misitu ya kaskazini ya Uswidi. Alionyesha kwamba moto haukuwa mgeni wa bahati mbaya katika misitu ile. Ulikuwa ukirudi sehemu ile ile baada ya miongo kadhaa, kizazi hadi kizazi. Kwa watu waliofundishwa kwamba msitu mzuri ni msitu usioungua, ilikuwa habari nzito.

Lakini kazi iliyotuvutia zaidi ni ya Mats Niklasson na Anders Granström, iliyochapishwa mwaka 2000. Walichukua eneo la kilomita 19 kwa 32, nao hawakuridhika na miti michache. Walikusanya vipande zaidi ya 1,000 kutoka sehemu zipatazo 200. Kwa njia hiyo waliweza kuchora ramani: mwaka huu moto uligusa sehemu hizi, haukugusa zile. Waliweza kutenganisha mamia ya mioto, kurudi nyuma hadi karne ya 12.

Matokeo yao yana hatua 3. Kabla ya miaka ya 1650 hivi, mioto ilikuwa michache lakini mikubwa. Hiyo ni mioto ya radi katika nchi yenye watu wachache sana. Kuanzia katikati ya karne ya 17, walowezi walipoanza kuingia, idadi ya mioto ikapanda kwa kasi, lakini kila moto ukawa mdogo. Halafu kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 mioto ikapungua mpaka karibu ikatoweka kabisa.

Tafadhali msiipite haraka hatua ya pili. Watu walipoongezeka, mioto iliongezeka. Hilo kila mtu angelitegemea. Lakini mioto ilikuwa midogo. Sababu mojawapo ni rahisi kuielewa: mahali palipoungua miaka michache iliyopita hapana chakula cha moto. Kuvumwani bado ni chembamba na matawi makavu hayajarundikana. Moto ukifika hapo hudhoofika. Nchi yenye viraka vingi vya mioto midogo inakuwa na vizuizi vingi. Tena mwenye nyumba, mifugo na nyasi kavu za akiba hawezi kuwasha moto siku yoyote na kwenda kulala.

Huko Norwe, katika hifadhi iitwayo Trillemarka, Jørund Rolstad na wenzake walichapisha mwaka 2017 kazi inayofanana na hiyo. Walitumia vipande zaidi ya 700 na kupata mioto 250 hivi, ya kwanza katika karne ya 13. Nao waliona idadi ya mioto midogo ikipanda kuanzia mwaka 1600 hivi, kisha ikishuka kabla hata ya kuwapo kikosi chochote cha kuzima moto msituni.

Wafini wa misituni

Nani walikuwa wakichoma? Si hao peke yao, lakini kundi moja linajulikana vizuri. Mwishoni mwa karne ya 16, wakulima kutoka eneo la Savo huko Ufini walihamia misitu ya Uswidi, na baadaye wakavuka kuingia Norwe. Watu wa huko huwaita Wafini wa misituni. Kilimo chao tusingekiona kigeni sisi tuliokaa hapa. Walikata msitu mnene wa miti iitwayo sprusi, wakauacha ukauke, wakauchoma wakati wa majira ya joto, na kupanda nafaka iitwayo rai moja kwa moja kwenye majivu. Rai yao ilikuwa ya aina maalum, punje moja ikitoa mashina mengi. Walivuna mwaka uliofuata. Baada ya mavuno machache waliiacha sehemu hiyo kwa malisho, wakahamia nyingine.

Mwanzoni watawala wa Uswidi waliwakaribisha, hata kwa kuwasamehe kodi kwa miaka kadhaa, kwa kuwa walitaka misitu ile ikaliwe. Baadaye viwanda vya chuma vilihitaji mkaa. Msitu ule ule ukawa na thamani nyingine, na mkulima wa jana akawa mharibifu wa leo. Kuanzia katikati ya karne ya 17 zikaja sheria za kuzuia uchomaji. Katika karne ya 19 mbao zilianza kuuzwa kwa bei kubwa nje ya nchi, na kila moto ukahesabiwa kuwa hasara.

Hatusemi kwamba Wafini wa misituni hawakuharibu kitu. Kuna milima walioichoma mno, na majirani zao walikuwa na malalamiko ya haki. Tunachosema ni kwamba waliohukumu hawakutazama visiki. Kwa miaka mingi simulizi iliyoandikwa ilikuwa ya upande mmoja, wa wale waliojua kuandika na waliotaka mkaa. Makovu yanaonyesha jambo lenye pande nyingi zaidi: mioto mingi, ndiyo, lakini midogo, na iliyopungua watu walipobadili namna ya kuishi.

Moto ulipozuiwa, msitu ulibadilika kimya kimya. Sprusi, ambao gome lake ni jembamba na huuawa na moto mdogo tu, ulianza kuota kwa wingi chini ya misonobari. Miti ya majani mapana ilipungua. Kuna ua dogo la rangi ya samawati, liitwalo Geranium bohemicum, ambalo mbegu zake hulala ardhini hata zaidi ya miaka 100 zikisubiri joto la moto ndipo ziote. Kuna mbawakawa mweusi ambaye hutambua joto la moto kutoka mbali kwa viungo maalum vilivyo mwilini, huruka kuelekea huko wakati wengine wote wanakimbia, na hutaga mayai kwenye miti iliyoungua. Viumbe hawa walianza kukosa mahali. Ndiyo maana leo wamiliki wakubwa wa misitu nchini Uswidi waliojiunga na mpango wa cheti cha FSC wanatakiwa kuchoma kwa makusudi. Kiwango ni angalau asilimia 5 ya eneo kavu wanalovuna. Miaka 300 iliyopita mtu angefikishwa mahakamani kwa jambo hilo.

Msitu "usioguswa" wa Minnesota

Tuvuke bahari kidogo. Kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, katika jimbo la Minnesota, kuna eneo la maziwa na misitu liitwalo Boundary Waters. Miaka ya 1960 na 1970 Miron Heinselman alilizunguka eneo hilo akitafuta umri wa kila msitu na makovu ya kila moto. Taarifa yake ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba, kabla ya moto kuanza kuzuiwa, eneo lenye ukubwa sawa na ule msitu wote liliungua kila baada ya miaka 100 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na miaka michache ya ukame, kama 1863 na 1864, 1875 na 1894.

Eneo hilo lilihifadhiwa chini ya sheria ya mwaka 1964 inayolinda pori la asili, yaani mahali ambapo binadamu ni mgeni anayepita. Wageni wengi huenda huko kwa mitumbwi ili waone nchi kama ilivyokuwa kabla ya mtu kuigusa.

Hivi karibuni Evan Larson, Kurt Kipfmueller na Lane Johnson walirudi kwenye visiki vya misonobari mekundu ya visiwani na kwenye kingo za maziwa yale. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2021. Walikuta makovu mengi, yaliyokaribiana mno kuwa ya radi peke yake, tena yakifuata njia za mitumbwi za Waojibwe, wenyeji wa nchi ile. Kwenye mashina mengine kulikuwa na alama za gome lililobanduliwa na watu ili kupata utomvu wa kuzibia mitumbwi. Waojibwe wenyewe wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba walichoma ili kupata matunda madogo ya buluu ambayo huzaa vizuri baada ya moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 makovu yanakatika ghafla. Huo ndio wakati ambapo watu walikuwa wamezuiwa kuishi na kutembea katika nchi yao kama zamani.

Kwa hiyo ile misonobari mikubwa inayopendwa na wageni, iliyo wazi chini yake na yenye kupitisha upepo, kwa sehemu ni kazi ya mikono. Waliofukuzwa walikuwa ndio watunzaji. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo zito kuliko yote tuliyowaletea leo, na limethibitishwa na vipande vya kuni.

Mahali ambapo visiki hunyamaza

Tusije tukaelewana vibaya. Njia hii ina mipaka, na hatupendi mtu atoke hapa akidhani kisiki hujibu kila kitu.

Kwanza, mti unaoandika ni ule ulionusurika. Sehemu kubwa za Kanada na Alaska zina sprusi na misonobari ambayo moto wake hupanda mpaka vileleni na kuua yote. Hapo hakuna wa kubeba kovu. Watafiti hutumia umri wa miti iliyoota baadaye. Kuna msonobari mmoja wa Kanada ambao mbegu zake zimefungwa kwa utomvu ndani ya tunda gumu, zikisubiri joto liyeyushe gundi hiyo. Msitu wake wote huota karibu kwa pamoja, hivyo umri wake hutaja mwaka wa moto. Lakini moto unaofuata hufuta ushahidi wa ule uliotangulia.

Pili, kutokuwepo kwa kovu si uthibitisho kwamba moto haukupita. Na kovu moja linaweza kutokana na jiwe, mnyama au mti ulioanguka. Ndiyo maana hutafutwa miti kadhaa inayosema mwaka mmoja.

Tatu, hali ya leo si ya jana. Mwaka 2014 huko Västmanland, Uswidi, mashine ya kuandaa shamba la miti ilitoa cheche siku ya joto, na zaidi ya hekta 13,000 ziliungua. Mtu mmoja alifariki. Mwaka 2018 zikaungua hekta 25,000 hivi katika mioto mingi nchini humo. Kanada mwaka 2023 ilipoteza zaidi ya hekta milioni 15 kwa mwaka mmoja. Majira ya joto yanarefuka na msitu umejaa kuni ambazo hazikuungua kwa miaka 100 au zaidi. Historia ya visiki haisemi kwamba kila mtu awashe moto kesho. Mtu akinukuu hotuba hii kwa ajili ya hilo, mwambieni hakusikiliza mpaka hapa.

Nne, daftari lenyewe linapotea. Mashine nzito zinazotayarisha ardhi kwa kupanda miti hupasua visiki vya zamani. Misonobari mikavu hukatwa kuni. Kila moto mpya hula visiki vilivyokauka kwa karne 2 au 3. Kisiki kikishageuka majivu, hakuna nakala yake kokote.

Na kwetu je?

Tunajua mtauliza. Miti yetu mingi haina majira ya baridi ya kuisimamisha, kwa hiyo wengine hawana pete za kuaminika, au wana pete 2 kwa mwaka mahali penye vuli na masika. Lakini katika miombo, ambako kuna mvua mara moja na kiangazi kirefu, hali ni tofauti kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Valerie Trouet, wakati huo mwanafunzi kutoka Ubelgiji, alikuja Tanzania kukusanya vipande vya miti ya miombo. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba pete zake zinaweza kulinganishwa mti kwa mti, na kwamba zinafuata mabadiliko ya mvua. Hiyo ilikuwa habari ya mvua, si ya moto, wala miti yetu haina utomvu ule wa kutunza kisiki miaka 300. Kwa hiyo kwetu mashahidi watakuwa wengine: wazee, picha za anga za zamani, kumbukumbu za wilaya, na pengine miti michache. Mzee wa jana alikuwa na habari za miaka 60 kichwani mwake, na hakuna aliyechukua kalamu. Tunapendekeza kikundi cha kwanza leo kianze naye, kabla ya kuandika rasimu ya sheria ndogo. Amekubali, tumeongea naye wakati wa chai.

Sasa tumebakiwa na dakika 20. Njooni mezani mtazame kipande hiki. Lenzi zipo 2 tu, kwa hiyo tupeane nafasi. Pini hizi nyekundu zinaonyesha makovu. Anzeni kuhesabu kutoka kovu la kwanza hadi la pili, polepole, na mtu mwingine arudie bila kuambiwa jibu la mwenzake. Andikeni namba zenu kwenye karatasi ile ya ukutani.